Je, Wajua? Menora, Taa ya Kutazamwa

Umeme ukikatika usiku, kila mtu nyumbani anajua kazi ya mshumaa: kutafutia ndala, kumalizia hesabu za shule, kugeuzia samaki kwenye kikaango. Taa ni ya kumulikia, basi. Lakini Wayahudi wana taa ambayo sheria yao inakataza hata kuhesabia hela kwenye mwanga wake. Jina lake ni menora. Yafuatayo ni mambo 30 kuihusu. Yasome, kisha uwatege wenzako kijiweni.

1. Menora, nuru na mnara ni ndugu. Kwa Kiebrania, menora ni kinara cha taa, mahali pa kuwekea mwanga. Mzizi wa neno hilo ndio uliozaa nuru na manara za Kiarabu, na Kiswahili kikazipokea zote mbili. Ukisema "mnara wa msikiti" au "mnara wa simu", umetaja jamaa wa menora bila kujua.

2. Kinara kabla ya ligi. Biblia za Kiswahili huiita menora "kinara cha taa". Ni neno lilelile ambalo kurasa za michezo humpa mfungaji anayeongoza kwa mabao.

3. Kiswahili kina kinara chake Marekani. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga aliasisi sikukuu ya Kwanzaa na kuipa maneno ya Kiswahili. Chombo cha kushikia mishumaa kinaitwa kinara, na mishumaa yake ni saba: mitatu myekundu, mitatu ya kijani na mmoja mweusi katikati. Idadi ni sawa na taa za menora, lakini maana ni nyingine: kila mshumaa husimamia kanuni moja ya Kwanzaa.

4. Menora ni mbili, hesabu matawi. Ya matawi saba ni ya Hekalu la Yerusalemu. Ya matawi tisa ni ya sikukuu ya Hanuka, na wengi huiita hanukia. Wachoraji wa kadi huzichanganya kila mwaka.

5. Ya kwanza ilikula talanta nzima ya dhahabu. Ni uzito wa zaidi ya kilo 30. Kitabu cha Kutoka kinaagiza ifuliwe kwa nyundo kutoka bonge moja: shina, matawi sita, vikombe na maua, vyote kitu kimoja. Fundi aliyekabidhiwa kazi alikuwa Bezaleli, wa kabila la Yuda.

6. Musa hakuielewa ramani. Masimulizi ya marabi yanasema kila alipoelezwa umbo la menora, lilimtatiza. Akaonyeshwa mfano wake kwa moto, bado akakwama. Mwishowe akaambiwa aitupe dhahabu motoni, na menora ikatoka imeshajiumba yenyewe.

7. Ina vikombe 22, vyote mfano wa ua la mlozi. Vitatu kwa kila tawi, vinne kwenye shina. Mlozi hutangulia miti mingine kuchanua majira ya baridi yakielekea ukingoni, na jina lake la Kiebrania, shaked, linafanana na neno la kukesha. Taa ya kuwaka usiku kucha ikapewa maua ya mti unaokesha.

8. Mafuta yake yalikuwa "tui la kwanza". Mpishi wa Pwani anajua kasimile si sawa na tui la pili, japo nazi ni moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa zeituni za Hekalu. Zilitwangwa, na mafuta yaliyojichuja ya kwanza yakatengwa kwa ajili ya menora. Yaliyopatikana baada ya kukamua kwa uzito yalifaa kuchanganywa na unga wa sadaka. Kwa hiyo yale bora zaidi hayakuliwa na mtu wala kutolewa sadaka, yaliishia kwenye utambi.

9. Kuhani alipanda ngazi. Kwa mujibu wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, menora ilikuwa na kimo cha viganja 18 vilivyolazwa kwa upana, karibu mita moja na nusu. Mbele yake palikuwa na jiwe lenye vidaraja vitatu. Kuhani alisimama juu yake kusafisha vikombe, kubadili tambi na kutia mafuta.

10. Madirisha ya Hekalu yalitazama kinyume. Mjenzi wa zamani, akitaka mwanga uingie, alilifanya dirisha la ukuta mnene kuwa jembamba nje na pana ndani. Marabi walisoma maelezo ya Hekalu la Sulemani wakasema yale yalikuwa membamba ndani na mapana nje. Sababu yao ni kwamba aliyeagiza taa ile hakuhitaji kumulikiwa. Nuru ilitengenezewa njia ya kutoka, si ya kuingia.

11. Sulemani hakuridhika na kimoja. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinataja vinara kumi vya dhahabu katika Hekalu lake, vitano kulia na vitano kushoto.

12. Saba ni hesabu ya mbingu. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba taa saba ziliwakilisha mianga saba inayotembea angani kama walivyoijua watu wa kale: jua, mwezi, Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

13. Kuna zaburi inayochorwa kama menora. Zaburi ya 67, ukiacha kichwa chake, ina mistari saba. Waandishi wa Kiyahudi wamezoea kuipanga kila mstari tawi lake, na karatasi hizo hutundikwa ukutani au kuchapwa kwenye vitabu vya sala.

14. Suruali za makuhani zilikuwa tambi. Wakati wa Sikukuu ya Vibanda, uani mwa Hekalu ziliwashwa taa kubwa za dhahabu ambazo vijana wa kikuhani walizipandia kwa ngazi, madumu ya mafuta mikononi. Tambi zilichanwa kutoka suruali na mishipi mikuukuu ya makuhani. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, inasema hapakuwa na ua Yerusalemu usiofikiwa na mwanga ule, na wakasimulia kwamba mwanamke angeweza kuchagua ngano kwa mwanga huo. Hizo ndizo zilikuwa taa za kumulikia. Menora, ndani ya jengo, ilikuwa na shughuli nyingine.

15. Iliwahi kutengenezwa kwa mishikaki. Mfalme Antioko wa Nne alipora Hekalu, na Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, wakalirudisha mwaka 164 KK. Talmudi inasema hawakuwa na dhahabu, wakaunga menora kwa fito za chuma za kubanikia nyama. Walipopata nafuu wakatengeneza ya fedha, na walipotajirika, ya dhahabu.

16. Muujiza wa mafuta haumo katika vitabu vya Wamakabayo. Vitabu hivyo vinaeleza vita, utakaso wa Hekalu na siku nane za shangwe. Kisa cha kichupa kimoja chenye lakiri ya kuhani mkuu, mafuta ya siku moja yakawaka siku nane, kinatoka katika Talmudi, iliyoandikwa karne nyingi baadaye. Kwa heshima ya mafuta hayo, Hanuka ni msimu wa vya kukaanga: chapati ndogo za viazi, na maandazi ya mviringo yaliyojazwa jemu.

17. Pakiti moja ina mishumaa 44. Usiku wa kwanza huwashwa mmoja, wa pili miwili, hadi minane. Jumla yake ni 36. Ongeza mshumaa wa kuwashia kila usiku, mara nane, unapata 44. Wafuasi wa mwalimu Shamai walitaka kuanza na minane na kupunguza. Wafuasi wa mwalimu mwenzake, Hileli, walisema mambo matakatifu huongezwa, hayapunguzwi. Hileli akashinda.

18. Hupangwa kulia, huwashwa kushoto. Mshumaa wa kwanza huwekwa upande wa kulia kabisa, na kila usiku mpya huongezwa kuelekea kushoto. Lakini kuwasha huanza na ule mpya. Mgeni hupata heshima kwanza, wenyeji wanafuata.

19. Wa tisa ni mtumishi. Talmudi inakataza kuhesabia fedha mbele ya taa ya Hanuka, na sheria ikapanuka: usisomee, usishonee, usitafutie kitu. Lakini chumba chenye mishumaa kitaachaje kumulikwa? Dawa ikawa mshumaa wa ziada, shamashi, yaani mtumishi. Huwekwa juu kidogo au pembeni, na ndio unaowasha wenzake. Ukijikuta umesoma barua pale, unahesabiwa kuwa umetumia mwanga wa mtumishi. Ile minane haijaguswa.

20. Muda wake ulipimwa kwa wauza kuni. Kabla ya saa za ukutani, marabi walisema taa iwake tangu jua kuzama hadi miguu iishe sokoni. Miguu ya nani? Ya watu wa Tarmodi, yaani Tadmor ya Shamu. Walikuwa wauza kuni, na hao ndio waliochelewa kuondoka, wakimsubiri mteja aliyefika nyumbani akakuta jiko limezima. Wakishaondoka wao, hakuna tena wa kuiona.

21. Kuna kesi ya ngamia. Ngamia anapita barabarani, kitani alichobebeshwa kimemwagika ubavuni. Kitani kinaingia dukani, kinadaka moto wa taa, jengo linateketea. Nani alipe? Mishna inajibu: mwenye ngamia, kwa kuwa alipakia kupita kiasi. Na kama mwenye duka aliitoa taa yake nje? Hapo analipa mwenye duka, barabara si ya taa yake. Ndipo Rabi Yuda anapoweka neno: ikiwa ni taa ya Hanuka, mwenye duka hana deni. Taa hiyo mahali pake ni mlangoni, upande wa barabarani, ili apitaye aione. Ngamia ndiye aangalie njia yake.

22. Ikizidi mikono 20, haihesabiki. Dhiraa 20 ni kati ya mita tisa na kumi. Juu ya hapo, walisema marabi, jicho la mpita njia halifiki. Ndiyo maana menora kubwa ya Fifth Avenue, New York, iliyosanifiwa na msanii Yaacov Agam, ina futi 32 na si zaidi. Anayeiwasha huinuliwa kwa mashine.

23. Maskini hasamehewi, na mama hapiki. Maimonide, mwanasheria mkubwa wa karne ya 12, aliandika kwamba hata anayeishi kwa sadaka aombe, au auze nguo yake, apate mafuta ya Hanuka. Wanawake nao wana wajibu sawa na wanaume. Katika nyumba nyingi ni desturi kwamba mishumaa ikiwaka, wanawake huweka kazi chini, kwa kuwa katika simulizi za Hanuka wanawake walikuwa na sehemu ya ushindi.

24. Nakala kamili ni marufuku. Talmudi inasema mtu asijitengenezee kinara kama kile cha Hekalu. Cha matawi matano, sita au manane ruksa, saba hapana. Ndiyo maana masinagogi mengi yenye kinara cha kupambia huongeza au kupunguza tawi.

25. Maimonide aliichora na matawi yaliyonyooka. Menora tuliyozoea ina matawi ya kupinda kama upinde. Lakini katika mchoro wa Maimonide, aliyeishi Fustat, Cairo ya kale, matawi yanapanda yamenyooka kwa mshazari. Mwanawe Abrahamu alithibitisha kuwa baba alikusudia hivyo. Kundi la Wayahudi wa Chabad hulifuata umbo hilo hadi leo, kwa hiyo ukiona menora ya pembe kali barabarani, huenda umeshajua ni ya nani.

26. Picha yake maarufu ilichongwa na walioipora. Jeshi la Warumi chini ya Tito liliharibu Hekalu mwaka 70 BK. Kwenye Tao la Tito mjini Roma, lililojengwa karibu na mwaka 81, wanaonekana wanaume waliovikwa mataji ya majani wamebeba menora mabegani kama ngawira. Leo jiwe ni jeupe. Mwaka 2012 watafiti walikuta chembe za rangi ya manjano kwenye matawi yake: Warumi waliipaka ifanane na dhahabu. Mchongo huohuo ndio ulioigwa katika nembo ya taifa la Israeli mwaka 1949, kati ya matawi mawili ya mzeituni.

27. Huenda ilipitia Afrika. Kutoka Roma, hazina za Hekalu ziliwekwa katika Hekalu la Amani la Kaisari Vespasian. Mwaka 455 Wavandali waliupora mji na kurudi na ngawira zao Carthage, katika Tunisia ya leo. Mwaka 534 jemadari Belisarius akazipeleka hazina za Wayahudi Constantinople. Mwandishi Procopius anasema Kaisari Justinian alitishwa na onyo kwamba zingeuletea mji maafa, akazirudisha Yerusalemu. Baada ya hapo historia inanyamaza. Wapo wanaoamini menora imefichwa Vatican, ingawa ushahidi haujapatikana. Mwaka 2017 makumbusho ya Vatican na ya Wayahudi wa Roma yalishirikiana kufanya maonyesho kuhusu menora, na dhahabu yenyewe haikuwepo.

28. Wayahudi wa Ethiopia hawakuijua Hanuka, wa Uganda wanaiwasha. Jamii ya Beta Israeli iliishi mbali na Wayahudi wenzao, na Hanuka haikuwa miongoni mwa sikukuu zao za jadi. Ng'ambo ya Kenya, karibu na Mbale, kuna Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, lakini hawakuisha. Leo kwenye kilima cha Nabugoye, Hanuka ikifika, huwasha mishumaa kama wengine.

29. Imefika angani, ila haikuwashwa. Desemba 1993 mwanaanga Jeffrey Hoffman alikuwa ndani ya chombo Endeavour, katika safari ya kwenda kutengeneza darubini ya Hubble. Hanuka ikamkuta huko. Akatoa menora ndogo na pia ya kuchezea ya pande nne, akaizungusha pia hiyo ikaelea hewani. Menora haikuwashwa, maana katika chombo cha anga moto si mgeni wa kukaribishwa.

Mwezi huohuo, huku chini duniani, katika mji wa Billings, Montana, Marekani, mtu alirusha tofali likavunja dirisha la chumba cha mtoto lililokuwa na menora. Gazeti la mji, Billings Gazette, likachapa picha ya menora ukurasa mzima. Maelfu ya familia ambazo hazikuwa za Kiyahudi ziliikata na kuibandika madirishani mwao. Mrusha mawe angeanza na dirisha lipi?

30. Sheria inaruhusu kuificha. Talmudi, iliyoagiza taa iwekwe mlangoni au, kwa anayeishi ghorofani, dirishani, inaongeza kwamba wakati wa hatari yatosha kuiweka mezani, ndani. Hakuna atakayemlaumu mtu.

Hanuka ya 1931, mjini Kiel, Ujerumani, Rachel Posner, mke wa Rabi Akiva Posner, alishika kamera sebuleni kwake. Picha aliyopiga ni rahisi kuieleza. Mbele kuna hanukia ya shaba nyeupe ya mishumaa, kwenye kizingiti cha dirisha. Nyuma ya kioo, ng'ambo ya barabara, inaning'inia bendera ya Wanazi kutoka jengo la chama chao. Kati ya vitu hivyo viwili kuna kioo tu na upana wa barabara. Meza ilikuwepo ndani ya nyumba ile, lakini taa haikuwekwa mezani.

Mwaka 1933 familia iliondoka Ujerumani, na hanukia ikasafiri nayo. Siku nyingi za mwaka hukaa Yad Vashem, makumbusho ya Yerusalemu. Hanuka ikikaribia, ukoo huichukua ikawashwe. Desemba 2022 ilipelekwa Berlin, ikawashwa katika ikulu ya Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, wajukuu wa Rachel wakiwa wamesimama hapo. Chumba kile kilikuwa na taa za umeme za kutosha.